Majivu ya Mjomba Mtoni

Shikamooni wazee wangu. Najua vyungu vinanukia, lakini niacheni niseme kabla hatujala, maana mahindi ya ugali huu yametoka ng'ambo ya mto, na ng'ambo ile sikutegemea kufika tena.

Ndugu zangu, mto uliwahi kunichukua. Nilivukia pale tunapovukia sote, mto ukishayapita yale mawe mawili, penye maji mapana yanayojifanya mapole. Yakanivuta huku, yakanirudisha kule, nikaopolewa mkono umevunjika. Mkono ukapona, moyo ukakataa. Sikuvuka tena kwenda kulima. Na mnajua desturi yetu Waluguru: shamba ni la ukoo wa mama, likigeuka pori anapewa mwingine. Wazee wakaniambia mvua za mwaka ule ndizo za mwisho kuningoja. Nililia, jamani. Nina watoto.

Mjomba wangu, huyu anayejificha nyuma ya nguzo, hakunibembeleza. Alichukua majivu akaketi kwenye mfereji wa migomba. Anamwaga, anatazama, anamwaga tena. Watu wakasema kuchimba barabara ya Mdachi kule Morogoro kumemchosha akili. Cheka tu, shangazi, na wewe ulisema!

Siku moja akaniita. "Mwanangu, tazama. Maji ya mbio yakisuguana na yaliyolala, inazaliwa mizunguko midogo. Miwili inashikana, inakuwa mmoja mkubwa. Ukienda mbali mara mbili kutoka yanapokutana, ukanda wa mizunguko unapanuka mara mbili."

"Huu mfereji, mjomba. Mto je?"

"Nadhani ni hivyohivyo, ila ukubwa. Twende tuone."

Mtoni, kwenye maji yaliyolala, akachomeka mianzi kuonyesha ukanda utafika wapi. Ndipo akamwaga majivu kwenye mawe. Yakatawanyika, yakapanuka, yakaigusa mianzi yake! Nilisisimka mwili mzima. Mto mzima ule aliufikiri kwanza, ndipo akauona.

"Tunavukia palipo pabaya kuliko pote, mizunguko ikishakuwa mikubwa," akasema. "Vukia juu, mawe yanapoachana. Kasi ipo, lakini inasukuma upande mmoja tu. Egemea fimbo yako ndefu."

Nikavuka, yeye kashika kamba niliyojifunga kiunoni. Nilipokanyaga udongo wa mama yangu nilipiga magoti.

Ahsante, mjomba. Ahsanteni mliosokota kamba ile. Nami nawaambia, kinachokutisha kaa nacho ukitazame. Huenda kina utaratibu wake.

Mvua zimeanza tena. Kesho navuka. Anayeogopa aje, kamba nitaishika mimi.