Mama Tumbusi Akabidhi Chumba cha Ramani

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Kituo chetu cha utafiti wa wanyamapori kinaagana na mtakwimu wake mkongwe, anayestaafu baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi. Kwenye faili ana jina lake kamili. Kwenye korido anaitwa Mama Tumbusi, na aliyempa jina hilo ni mumewe.

Mumewe ana bucha mtaa wa pili kutoka hapa. Huwaambia wateja kwamba yeye anauza nyama na mkewe anawafuata wale wanaoila bure. Tumbusi, kwa asiyewajua, ni wale ndege wakubwa wenye shingo tupu wanaokula mizoga. Hawana sura ya kuwekwa kwenye kalenda, na Mama alipokabidhiwa kazi ya kuwafuatilia, hakuna aliyemwonea kijicho.

Kazi yenyewe ni hii. Daktari wa wanyama huwakamata ndege kadhaa, huwavisha mgongoni kifaa kidogo kinachotuma ishara, kisha huwaachia. Kifaa hueleza ndege yuko wapi na yuko juu kiasi gani. Katika chumba cha ramani, kila ndege ni nukta moja kwenye kompyuta. Wengine walikuwa wakizisoma nukta hizo moja moja. Mama alizikusanya zote kwenye ramani moja, akaziendesha kwa saa ile ile, akaketi kuzitazama kama mtu anayetazama mpira. Ilimchukua miaka, lakini alionyesha kwamba tumbusi hatafuti chakula peke yake. Huwatazama wenzake angani. Mmoja akishuka, wa mbali hugeuza njia, na wa mbali zaidi humfuata huyo aliyegeuza.

Mkuu wa kitengo wa wakati ule, aliyekuwa na mawazo tofauti, alikagua hesabu wiki nzima, akatia saini ripoti, kisha akamnunulia Mama kiti kipya. Kile cha zamani kilikuwa kimebaki mifupa.

Si kila siku ilikuwa ya ushindi. Aliwahi kututangazia kwamba ndege wawili wamependana, maana hawaachani hata hatua moja na wanalala karibu kabisa na Kituo. Dereva ndiye aliyegundua kwamba vifaa vyote viwili vilikuwa vimewadondoka ndege wenyewe na viko kwenye droo ya stoo.

Asubuhi moja ya kiangazi, miaka saba iliyopita, Mama aliona nukta tano zimeshuka mahali pamoja na kutulia. Dereva, aliyekuwa amefuata funguo, alizitazama.

"Wameshiba hao," alisema.

"Tumbusi akishiba hupanda mtini," Mama alimjibu. "Hawa wote wako chini. Washa gari."

Walimpitia daktari, na huko walikuta mzoga wa ng'ombe uliotiwa sumu. Mfugaji mmoja alikuwa amewategea fisi waliomlia ndama. Fisi hawakuja. Tumbusi walikuwa wamelala wakiuzunguka, wenye vifaa na wasio navyo, na juu angani wengine walijiandaa kushuka. Daktari na dereva walianza kuuchoma, lakini ng'ombe haungui kama karatasi, na ndege waliofukuzwa kwa kelele walirudi palepale.

Mama alisimama kando ya gari. Jambo alilolithibitisha kwa miaka ndilo lililokuwa likiwaua: kila aliyeshuka alimwita mwingine. Basi atafutwe wa kushuka kwingine. Akampigia mumewe.

"Funga bucha. Leta utumbo, vichwa, chochote ulicho nacho, uwanja wa zamani wa mpira, nyuma ya kilima."

"Nani ana shughuli?"

"Tumbusi."

Mumewe anasema alimsubiri acheke. Hakucheka, naye akafunga bucha wateja wakiwa wamesimama mlangoni.

Nyama ilimwagwa uwanjani, wakarudi nyuma wakangoja. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Kisha tumbusi mmoja, asiye na kifaa, alikunja mbawa akashuka upande ule. Wa pili akamfuata. Halafu kundi zima likahama. Kufikia jioni mzoga wenye sumu ulikuwa majivu. Waliokufa hawakuwa wachache. Mama alivaa glavu akawaokota mmoja mmoja. Waliopona walikuwa wengi zaidi.

Baadaye alikwenda kwa yule mfugaji na ramani chini ya kwapa.

"Mimi ugomvi wangu ulikuwa na fisi, mama," mzee yule alimwambia. "Hawa ndege sikuwa na neno nao."

Mama alimwachia namba ya simu ya Kituo. Leo wafugaji wa upande ule wakiliwa mfugo hutupigia kwanza, na nyama safi ya kuwavuta ndege mbali na sumu imeingia katika taratibu zetu za kazi.

Jambo moja Mama hakuwahi kulisema. Kila asubuhi, kabla ya kuvua koti, alifungua ramani kuona ni nani hajasogea. Wiki iliyopita tulimuuliza atakumbuka nini zaidi.

"Sijui," alisema. "Ninachotaka ni kuamka siku moja bila kuhesabu nani yuko hai."

Kuanzia Jumamosi tutahesabu sisi. Ahsante kwa yote, Mama. Tunakuombea afya njema, usingizi mrefu, na asubuhi zisizo na haraka.