Hajara binti Abubakar na Vikapu vya Dawa za Wazee

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu Hajara binti Abubakar alizaliwa Kasubi tarehe 3 Aprili 1931, akasoma hapo hapo hadi mwaka 1946, kisha akajifunza uuguzi, na tangu Januari 1951 alihudumu katika chumba cha dawa cha zahanati moja ya mjini. Aliolewa na Tajudin, muuza vitambaa, tarehe 12 Juni 1954, wakajaliwa Mahmoud na Rehemah.

Maduka mengi ya dawa yalipofungwa mwaka 1972, wazee walianza kuficha kila kidonge na kugawiana kama chumvi, basi Hajara akawaita kila Jumanne waje na vikapu vyao, akavimwaga mkekani, akawaonyesha kwamba kidonge cheupe cha zamani na cha njano kilicholetwa juzi ni dawa ile ile ya presha, kumbe wanaimeza mara mbili, na aliyebisha alisemwa mbele za watu, kama wengi wenu hapa mnavyojua.

Tarehe 21 Februari 1977 Tajudin aliondoka dukani na watu waliokuja na gari, na hadi leo hajarudi. Mama yake Tajudin, Bi Mwanawetu, akaanza kumeza vidonge vya usingizi alivyopewa na jirani, viwili, kisha vitatu, akawa anaanguka uani na kusahau majina ya wajukuu, lakini hakutaka kuviacha, maana alisema usingizini mwanawe huja. Hajara, ambaye kwa hamu ya kumwona mumewe alikuwa akipika amevaa shati lake, hakuwa na moyo wa kumnyang'anya, akamweleza kwa upole kila asubuhi, akavipunguza nusu kwa nusu kwa miezi minne, mpaka mama akasimama imara, akamwita kila mjukuu kwa jina, kisha akauliza Tajudin yuko wapi, wakalia pamoja siku nzima. Hajara alituambia hajui kama alimtendea wema.

Figo zilianza kumsumbua Mei 1978, akafariki jana, Alhamisi tarehe 9 Novemba, akiwa ametuagiza tusiufunge mlango wa mbele mchana, Tajudin asije akaukuta umefungwa.

Tunawashukuru madaktari, majirani na wauguzi wenzake. Jana hiyo jirani mmoja, kwa huruma, alimletea Bi Mwanawetu kidonge cha kumtuliza, naye akakirudisha, akasema Hajara ni binti yake na atamlilia kwa akili zake zote. Mama yako yuko hapa, Hajara, yuko macho, nawe sasa pumzika kwa amani.