Bi Altagracia na Jiko Jipya Lisilokuwepo

Mheshimiwa Diwani, Baba Paroko, viongozi wa umoja wa wapangaji, ndugu majirani wa Bronx, na wewe Bi Altagracia Peguero, unayetukimbia kwenda kuota jua la Santiago: nawaamkieni nyote.

Mimi Skender Prela, niliyetunza jengo hili miaka kumi na moja, nimeombwa nimuage mwenyekiti wetu. Nitamuaga kwa kisa kimoja tu, maana nawaona mnavyoitazama ile nyama.

Bi Altagracia alipohamia fleti ya 4C alitozwa dola elfu moja mia sita kwa mwezi. Aliyemtangulia alilipa mia tisa. Kodi za jengo hili zina ukomo wa kisheria. Sasa mwenye nyumba aliurukaje? Alidai amejenga jiko jipya, maana sheria humruhusu kupandisha kodi akikarabati. Mama huyu akaandikia ofisi ya serikali inayosimamia kodi za nyumba, akaletewa orodha ya kodi za miaka yote, akashuka nayo kwangu.

"Skender, hilo jiko ulijenga wewe?"

"Bi mkubwa, mimi nilipaka rangi tu."

Alipofungua malalamiko, meneja wa mwenye nyumba akanijia. "Ukiulizwa, sema ulifunga makabati mapya. Na ukumbuke unalala kwenye nyumba yetu."

Nina mke na mabinti wawili. Ninyi mngesema nini?

Bi Altagracia alinisoma usoni. "Mwanangu, wewe usije. Nitajisemea mwenyewe."

Siku ya shauri aling'oa droo ya jikoni, akapanda nayo treni, akaitua mbele ya hakimu. Ndani yake lilikuwa limebandikwa gazeti la mwaka 1987.

"Mheshimiwa, jiko jipya ndilo hili. Hata habari zake ni mpya."

Hata wakili wa mwenye nyumba alicheka. Nami, niliyekatazwa kuja, nilikuwa kiti cha nyuma. Nikasimama, nikasema kweli.

Kodi ikashushwa, akarudishiwa mara tatu ya alichozidishiwa. Mimi nikafukuzwa wiki ileile. Ni nani aliyetupokea, watu wanne na paka, mpaka nikapata kazi jengo la ng'ambo ya barabara? Aliwapa wanangu kitanda chake, yeye akalala sebuleni. Nilipomwomba radhi, alinikemea:

"Nyamaza, Skender! Kodi ya hapa sasa ni halali, na anayeilipa ni mimi. Nitamlaza nimtakaye."

Bi Altagracia, sikuwahi kukushukuru mbele za watu. Leo nakushukuru. Nanyi mlionitegea sikio, ahsanteni sana.