Feni Nzima

— Elfu ishirini na tano siitoi mara mbili kwa ugonjwa mmoja, alisema Karani. Nilishalipa.

— Ulilipia feni ya kwanza. Hii ni ya pili.

— Uliniambia unaniwekea feni nzima, Mama Koleo. Kwa mdomo wako. Nzima. Imekaa siku tisa.

— Na ilikuwa nzima. Mgonjwa ni wewe.

Maneno hayo yalikuwa yakirushwa mbele ya kibanda cha kinyozi, saa kumi za jioni, kwenye benchi la ubao mmoja uliolazwa juu ya madebe mawili ya rangi. Mama Koleo alikaa katikati, na kati ya miguu yake alikuwa amebana kichwa cha mashine ya kufyonza vumbi, kile kifuniko cha juu kinachobeba mota na feni, kama mtu aliyebana kuku asimtoroke. Jina hilo walimpa kwa sababu koleo halitoki kwenye mfuko wa aproni yake hata akienda msibani. Ufundi hakufundishwa na mtu. Alikuwa akifungua vitu vilivyokufa na kuvitazama mpaka avielewe, na bei yake huitaja mara moja tu. Feni hii ya pili aliinunua kwa fedha zake mwenyewe, elfu kumi na nane, kwa muuza vyuma chakavu asiyejua maana ya neno kesho. Elfu saba iliyobaki ndiyo ya mikono yake. Karani akiondoka na mashine bila kulipa, kodi ya kibanda chake wiki hii itabaki hewani, na baya zaidi, benchi zima litakuwa limesikia kwamba feni za Mama Koleo hazifiki siku kumi. Wateja wake wote hutokea kwenye benchi hili.

Kinyozi hakuwa na kichwa cha kunyoa. Alitoka na kitana mkononi, akajipenyeza kwenye ubao.

— Tuanze na neno, alisema. Nzima maana yake nini?

— Nzima ni mpya, alisema Karani.

— Mpya ni mpya, alisema Mama Koleo. Ningetaka kusema mpya ningesema mpya, na ningekutajia bei ya mpya, ukakimbia. Nzima ni ile isiyovunjika, inazunguka, haitikisiki. Niliitoa kwenye mashine iliyoungua waya. Mashine ilikufa, feni yake ikabaki nzima. Kuna asiyeelewa hapo?

— Sawa, basi nzima ni yote, alisema Karani, maana ni mtu asiyekosa karatasi ya pili akipokonywa ya kwanza. Ukila mkate mzima umeula wote. Kwa hiyo mimi nilinunua feni yote pamoja na mota yake.

— Mota yako haikuwa na tatizo. Nikuuzie kitu unacho?

— Mnasahau maana ya tatu, alisema Kinyozi. Mtu mzima. Mtu mzima ni nani? Ni aliyekomaa, ana wajukuu, akiinuka magoti yanalia. Feni nzima ni feni ya makamo. Karani, mama huyu alikwambia waziwazi kwamba feni inaumwa mgongo. Wewe ndiye hukusikia.

— Usinisaidie, alisema Mama Koleo.

Kwenye ncha ya benchi alikuwapo fundi viatu, kiatu cha mtu magotini na sindano mkononi. Yeye huitwa Inasemekana, kwa kuwa kila analolijua linasemekana, na hajawahi kutaja aliyelisema.

— Inasemekana, alisema, feni haina kosa hata kidogo. Kosa ni vumbi. Hizi mashine zinatengenezwa kwenye nchi za baridi. Vumbi la kule ni laini, limekaa tu kwenye zulia linasubiri kuchukuliwa. La kwetu limekanyagwa, limefagiliwa, limemwagiwa maji, likarudi. Lina hasira. Feni ya watu inakutana nalo ghafla.

— Hilo lina akili, alisema Kinyozi.

— Halina, alisema Mama Koleo.

Muuza kahawa alizunguka akimimina. Huyu ni Sukari Mbali. Bei ya kahawa hukwambia kabla hujanywa, bei ya sukari baada ya kunywa. Anaishi ua mmoja na Karani, mlango kwa mlango, na kijiweni huegemea upande wa jirani yake asije akanyimwa maji ya bomba.

— Siku hizi kahawa yako imetakata, Kinyozi alimwambia. Zamani nilikuwa nainywa huku natafuna machicha. Leo hata chembe.

— Ni ujuzi, alisema Sukari Mbali, akahamia kikombe kingine.

Mama Koleo aliona mazungumzo yanamponyoka. Aliinua kile kichwa cha mashine akakilaza mapajani, kinachotazama chini kikatazama juu, akachomoa koleo.

— Tazameni wenyewe. Feni inashikiliwa na nati hii moja. Nati zote mnazozijua zinafunguka kushoto. Hii inafunguka kulia, makusudi, ili feni ikizunguka izidi kuikaza badala ya kuilegeza. Asiyejua anaivunja hapo hapo, halafu anamwambia mteja aliikuta imevunjika. Mimi niliwahi kuivunja, ya kwanza kabisa maishani. Nikamwambia mwenyewe nimeivunja mimi, nikainunua. Haijatokea tena. Sasa mnieleze, mtu anayejua nati inafunguka upande gani anashindwa kufunga feni?

Alidhani amemaliza kesi. Lakini benchi lilikuwa limeshika jambo jingine kabisa.

— Kumbe nati ina mashoto, alisema Kinyozi polepole.

— Inasemekana, alidakia fundi viatu, akiweka kiatu chini, kama nati ina mashoto, mashine yote imetengenezwa kwa ajili ya watu wenye mashoto. Karani anaisukuma kwa mkono wa kulia. Mkono unakwenda huku, feni inakwenda kule. Siku ya tisa inakatika kiuno.

— Mimi nina mashoto, alisema Karani.

Inasemekana alirudisha kiatu magotini.

— Basi ni mkeo.

— Mke wangu haigusi. Kufyonza ni kazi yangu. Tulipangiana.

Kinyozi alimtazama Karani kwa heshima mpya, akarudi kwenye uchunguzi.

— Mimi nadhani ni maneno, alisema. Nyumba ikiwa na ugomvi, maneno yanakwenda wapi? Yanaanguka. Yanalala kwenye zulia. Maneno ni mazito kuliko vumbi. Ukipitisha mashine, feni inameza, inameza, mwisho inakutana na moja kubwa.

— Sisi hatugombani, alisema Karani.

— Ukuta wetu ni mmoja, jirani, alisema Sukari Mbali, akajutia papo hapo.

Damu ilianza kumchemka Mama Koleo. Siku nyingine angecheka; kwa kweli ile ya maneno kwenye zulia ilikuwa nusura imtoe kicheko. Lakini Karani alikuwa amekwisha kushika mpini wa kile kichwa cha mashine, taratibu, kama mtu anayeondoa mzigo wake tu kwenye njia ya watu.

— Toa mkono, Karani.

— Ni mali yangu.

— Feni iliyomo ni yangu. Nikiitoa, chukua mali yako uende.

Karani alitoa mkono. Mama Koleo alichimba mfuko wa aproni akatoa ile feni iliyovunjika na kuipitisha kwa watu. Ilikuwa duara ya bati ukubwa wa sahani ya chai, mapanga yake matatu yamemeguka.

— Hapa ndipo pa kusoma. Feni iliyofungwa vibaya hutikisika, na ikitikisika hukatika shinani, huku kwenye nati. Hii shina lake ni zima. Imeliwa ukingoni. Imepigwa na kitu kigumu. Na kitu chenyewe ninacho.

Alifungua kipande cha gazeti. Ndani mlikuwa na pini za stepla saba, zilizokunjikakunjika.

— Nani kwenye mtaa huu ana stepla nyumbani kwake?

Hakuna aliyemtazama Karani, kwa namna ambayo kila mtu alimtazama.

— Pini ni takataka, alisema Karani. Mashine ni ya takataka. Itachagua?

Jibu halikuwa baya, na Mama Koleo alilijua hilo. Kulikuwa na kitu kinamwasha tangu asubuhi na hakukipenda. Ile mara ya kwanza, alipofungua, alikuta kifungo cha shati kimenasa kwenye feni. Kifungo hakina ruhusa ya kufika pale. Alikichomoa, akakirusha mtaroni, akafunga nati, maana Karani alikuwa amesimama mlangoni ameshika fedha na ana haraka. Hakuuliza. Sasa alikaa na pini zake saba, amekunja ndita, akihisi swali liko karibu kabisa na ulimi, na halitoki.

Wakati huo ndipo mke wa Karani alipotokea. Ni muuguzi, alikuwa anatoka zamu ya mchana, viatu vyeupe, mkoba begani, uso wa mtu aliyesimama tangu alfajiri.

— Hamjambo hapa.

— Hatujambo, dada. Pole na kazi.

— Nishapoa. Mashine imepona, Mama Koleo?

— Imepona, mwanangu. Haijalipiwa.

— Aa. Na chujio je, lilipatikana?

Alilisema hivyo hivyo, kama anayeuliza kama maji yametoka. Kinyozi alimtazama Inasemekana. Inasemekana alitazama kiatu. Karani alikuwa anasoma tangazo ukutani lililobandikwa mwaka juzi.

— Chujio gani? aliuliza Mama Koleo.

— Lile la kitambaa linalokaa ndani, chini ya feni. Kama kofia, lina ukingo wa mpira mweusi. Nililifua Jumamosi mwezi uliopita, nikalianika kwenye kamba uani. Jioni natoka, halipo. Nikamwambia baba watoto, mashine isiwashwe mpaka lipatikane.

Mama Koleo aligeuza shingo polepole.

— Uliiwasha?

— Wageni walikuwa wanakuja, alisema Karani. Zulia lilikuwa na makombo.

— Na mara ya pili?

— Walirudi.

— Umeniletea kichwa peke yake, pipa la vumbi umeliacha nyumbani nisione kwamba halina chujio. Umevuta vifungo na pini moja kwa moja mpaka kwenye feni. Halafu umekaa hapa nusu saa nzima unanifundisha Kiswahili.

Karani alifungua mdomo, lakini Kinyozi ndiye aliyesema. Alikuwa ameshika kikombe karibu na mdomo na macho yamemtoka, yametua kwenye birika.

— Dada, umesema kama kofia?

— Eeh.

— Ukingo wa mpira mweusi?

Wote waligeuka. Mdomo wa birika la Sukari Mbali ulikuwa umevalishwa kitambaa kinene, cha kahawia sasa, kimekazwa vizuri sana kwa mpira mweusi. Sukari Mbali alijaribu kulificha nyuma ya mguu, birika lenye ukubwa wa mtoto wa miaka miwili.

— Lilikuwa limeanguka chini, alisema. Nililiokota. Nilijua limetupwa.

— Ulilichemsha? aliuliza Kinyozi.

— Linachemka kila siku. Kwenye kahawa.

— Inasemekana, alianza fundi viatu, akaishia hapo, kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu. Aliweka kikombe chini kwa vidole viwili.

— Dada, wewe ni mtu wa hospitali, alisema Kinyozi. Tutapona?

— Nililifua vizuri kwa sabuni, alisema mke wa Karani. Ila kabla ya hapo lilikuwa limefyonza nyumba yetu miaka minne.

Kinyozi alimwaga kikombe chake mtaroni kwa uangalifu, kama anayezika. Karani ndiye pekee aliyekuwa amepata nuru usoni.

— Basi kesi imekwisha. Mdaiwa ni huyu. Asingechukua chujio, feni isingekufa. Sukari Mbali, mlipe mama.

— Mimi nilichukua kitambaa, jirani. Swichi sikuibonyeza mimi.

— Ulichukua mali ya mtu kwenye kamba.

— Chini. Na wewe ulikatazwa na mkeo. Nimesikia sasa hivi, wote tumesikia.

— Nusu kwa nusu, basi.

— Nusu yangu nitalipa kwa kahawa.

— Nani atainywa? aliuliza Inasemekana.

Mke wa Karani alikuwa amekwisha kulivua chujio kwenye birika, analikung'uta, anamtazama mumewe kwa utulivu ambao Kinyozi baadaye alisema ungejaza zulia zima. Mama Koleo aligonga koleo kwenye ubao mara moja.

— Na mimi nina langu, alisema. Mara ya kwanza nilikuta kifungo ndani. Kifungo kikifika kwenye feni, chujio halipo au limetoboka. Nililijua hilo. Nilipaswa kukuuliza, sikukuuliza, nikakimbilia fedha yako. Ningeuliza siku ile, leo tusingekuwa hapa. Kwa hiyo elfu saba ya mikono yangu naifuta. Sitaki mtu aniambie nimekula kisicho changu.

— Huo ndio uungwana, alisema Karani, akanyoosha mkono tena kwenye mpini.

— Sijamaliza.

Mkono ulirudi.

— Mapanga ya bati hayakumeguka kwa kosa langu. Nilikwenda kwa muuza vyuma kwa miguu yangu, nikatoa fedha mfukoni mwangu, na feni iko humu ndani inazunguka. Nani aliokota, nani aliwasha, nani alikatazwa, mtagawana wenyewe huko nyumbani kwenu. Mimi simo.

Alikibana tena kile kichwa cha mashine kati ya miguu yake, akaweka koleo mfukoni, akakunjua kiganja.

— Elfu kumi na nane.