Klachi Mpya ya Taratibu

Kijiwe chenyewe ni ubao uliolazwa juu ya matofali, kati ya kinyozi na gereji, na umesikia kesi nyingi kuliko hakimu. Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa bado ya moto na kesi ilikuwa ya Taratibu. Jina hilo alipewa hapohapo, maana tangu ajue kuendesha gari hajawahi kumpita hata mwenye baiskeli. Mkewe, aliyeliendesha gari hilo miaka mingi, ndiye aliyemfundisha, ukubwani, naye akawa anamwita mkewe Mwalimu hadi siku walipomzika, kabla ya mvua hizi. Juzi klachi nayo ikakata roho. Spana, fundi wa gereji, akaweka mpya, na sasa mwenye gari amerudi ananung'unika.

— Pedali imekuwa nyepesi mno, Spana. Na inashika chini kabisa. Nikiinua mguu kidogo, gari limeshaondoka.

— Ndivyo klachi mpya ilivyo, kaka. Ile ya zamani ilishika juu kwa sababu ililika.

— Basi irudishe ishike juu.

— Nikikaza waya hivyo, itaungua hata kabla hujaizoea.

Redio, kinyozi ambaye mdomo wake haujawahi kuzimwa, alisema gari halina kosa, kosa ni la mguu. Mguu uliozoea mzigo, ukitua mzigo unaumwa. Akamalizia kwa methali: ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Walipomuuliza zizi linahusianaje na klachi, akasema mwenye akili ataelewa.

Hakika, karani mstaafu, hakukubali.

— Hakika sahani ya klachi hiyo ilitolewa kwenye gari la mashindano. Chuma hakisahau.

— Nimeitoa kwenye boksi mwenyewe, Spana alisema.

— Basi hakika na boksi lilikuwa na haraka.

Wakacheka. Taratibu alicheka kidogo naye, kwa adabu, huku akitazama kiatu chake cha kushoto. Angewaambiaje? Mwalimu alimfundisha kwa maneno matatu: achia, achia, haya. La kwanza mguu unaanza kupanda, la pili bado unapanda, la tatu gari linashika. Tangu amzike, kila anapoondoka huyasema, na pale kati, pedali ikiwa inapanda, humsikia kabisa pembeni yake. Sasa gari linashika kwenye neno la kwanza, na ile nafasi haipo. Alikuwa amefiwa mara ya pili, na safari hii hakuna aliyempa pole.

— Ngojeni niwaonyeshe, alisema, akaingia garini.

Mama mmoja, fundi cherehani aliyefungua duka ng'ambo wiki hiyo, alikuwa amekuja kununua kahawa. Akasimama dirishani na kikombe chake, kama wengine. Taratibu akaweka gia ya kwanza, midomo ikacheza. Gari likaruka mbele, likazima.

— Kaka, mama yule aliuliza, unaongea na nani?

Wanakijiwe wote walilibeba jeneza la Mwalimu. Spana ndiye aliyeinuka, akaokota spana ndogo chini ya ubao.

— Fungua boneti.

— Si ulisema itaungua?

— Ikiungua nitaweka nyingine. Fungua.

Taratibu alishika usukani kwa mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

— Iache, ndugu yangu. Ile ililika kwa mguu wa Mwalimu, miaka yote hiyo. Hii utaiunguza bure.

Akawasha tena. Kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi, walimsikia vizuri.

— Achia, alisema.

Gari likaondoka.