Mama Evelina na Lundo Linalopumua

Basi Castory, mlinzi wetu, akapiga filimbi, na sisi wafanyakazi wote wa kitalu tukakimbia na ndoo. Lundo la majani lilikuwa linatoa moshi! Tukalimwagia maji mpaka likawa tope. Ndipo akatokea Mama Evelina kutoka kwake Nkuhungu, akakaa juu ya ndoo tupu, akacheka mpaka kilemba kikamdondoka.

"Castory baba, na wewe kwa baridi hii unatoa moshi mdomoni. Tukumwagie?"

Kumbe ulikuwa mvuke. Humo ndani vidudu vinakula majani, joto linapanda, vinapumua kama sisi.

Huyo ndiye Mama Evelina, anayestaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na nane kwenye kitalu chetu cha miti hapa Nzuguni. Alianza kwa kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, leo ndiye msimamizi. Miarobaini inayowapa wanafunzi kivuli kule Chang'ombe ya mjini kwetu hapa ilipita mikononi mwake. Kila asubuhi anaisalimia miche "Mbukwenyi", salamu ya kwetu, halafu anatugeukia sisi tuliochelewa, anatuonyesha jua lilipofika. Hapo unajua shikamoo yako haitoshi.

Chai ikiwa jikoni, anashika kipande cha mkaa anatuambia hii ni hewa. Mti uliivuta kwa majani, ukajijengea mwili. Ukichoma, hewa ya ukaa inarudi juu kwa mpigo. Majani yakioza, inarudi polepole, miti mingine inaivuta tena, na kiasi kinabaki kwenye udongo, udongo unashika maji. Kwa ukame wetu huu, nani hataki udongo wa hivyo? Ndiyo maana alikataza kuchoma majani, wakati mtaani kila anayefagia anawasha.

Na kinachomuuma kuondoka ni hicho hicho. Juzi alituambia, "Nikitoka getini tu, mtarudi kwenye kiberiti. Nawajua." Tukaangalia chini.

Mama, asante kwa yote. Ukapumzike salama, pumzi yako iifikie miti, na ya miti ikufikie.

Ningeandika zaidi, ila lazima niende. Denis, fundi wa maturubai, amefagia uwanja wa sherehe ya kumuaga Mama akataka kuyawasha majani. Castory amemnyang'anya kiberiti, anapiga ile filimbi yake, anataka toroli ya kuyapeleka majani kwenye lundo. Naipeleka.