Mabakuli Kumi na Moja Chini ya Kitanda

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena na tena! Wanaonifahamu wanajua mie ni Mama Neema, fundi cherehani wa hapa hapa Temeke, nyumba yenye geti la bluu nyuma ya soko. Sare za watoto wenu wengi zimepita mikononi mwangu. Wale niliowaambia njoo Jumatatu, na Jumatatu yenyewe mpaka leo haijafika, naomba mnisamehe, sikupanda hapa kwa ajili hiyo. Na msishangae kuniona nimeshika kitu kimefunikwa kitambaa. Tutafika. Mama Mchungaji amenipa dakika kumi, na nyote mnajua dakika kumi mie nazimaliza kwenye salamu.

Nimekuja kushuhudia mwezi mmoja tu wa maisha yangu: nilichosoma, nilichotazama na nilichosikia. Sikuponywa ugonjwa mkubwa wala sikupata nyumba. Nilifunguliwa kutoka kwenye hofu, wapendwa, hofu ambayo mie mwenyewe nilikuwa naiita imani.

Niwarudishe nyuma kidogo. Tuliingia nyumba ile mie na Baba Neema tukiwa na kitanda, jiko la mkaa na cherehani moja. Kwetu ni Masasi, hapa hatukuwa na ndugu. Chumba cha pili, ukuta mmoja na sisi, anakaa Bi. Tatu, mama mtu mzima, mjane, Mwislamu wa kuswali swala tano, mwenyeji wa Temeke tangu ikiwa na mikorosho. Neema alipozaliwa, huyo mama ndiye aliyenikanda maji ya moto siku arobaini. Neema akatambaa kwake, akaota meno kwake, akajifunza kuongea kwake. Bi. Tatu alimwita Neema "mke mwenzangu", kama bibi wa pwani anavyomtania mjukuu wake, na Neema naye akamjibu, "Leo mume wetu zamu yangu!" Basi uwanja mzima tukacheka. Na kila Ijumaa bakuli la chakula lilivuka mlango, mbaazi za nazi, wali, au tambi za sukari. Na mnajua desturi yetu ya uswahilini, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Mie nilirudisha na vitumbua, na korosho nilizoletewa kutoka nyumbani, na hata vikiwa viazi vitatu vya kuchemsha.

Ndugu zangu, ikaja simu.

Fundi cherehani mikono ina kazi, masikio hayana. Nikanunua hedifoni, nikazichomeka asubuhi, nikazichomoa wakati wa kulala. Nilikuwa nasikiliza mahubiri ya mtandaoni! Nani angenikataza mahubiri? Lakini simu ina tabia yake, ukisikiliza moja inakuletea lingine kali zaidi. Nikamfikia mtumishi mmoja, simtaji, ambaye kila siku alikuwa na adui mpya. Leo adui ni shangazi yako. Kesho ni nywele zako. Siku moja akasema chakula cha jirani ni mlango, ukikila umemfungulia adui. Na akaongeza kwamba ukirudisha chombo na kitu ndani yake, umekubali agano.

Wiki hiyo hiyo Neema akala mbaazi za Bi. Tatu, na jioni akatapika. Kumbe mchana alikula maembe mabichi na pilipili shuleni, yeye mwenyewe alinieleza, lakini nilikuwa na hedifoni masikioni! Nikaitikia "ehe" na kukanyaga cherehani yangu. Nilichokuwa nakisikia ni lile la mlango.

Basi nikamkataza mtoto kuvuka kizingiti cha Bi. Tatu. Neema akalia mpaka akapata kwikwi. Bi. Tatu alipouliza, nikasema ana masomo mengi. Na bakuli la Ijumaa likija nalipokea kwa mikono miwili, ahsante Bi. Tatu, Mungu akuzidishie, meno yote nje. Kisha naingia ndani, namwaga kwenye ndoo ya taka, nafunika. Nasema haya mbele yenu na uso unaniwaka.

Sasa oneni shetani alivyonifunga kamba mbili. Bakuli nitalirudishaje? Nikilirudisha tupu, nimemtukana mama wa watu, sikulelewa hivyo. Nikilirudisha na kitu, nimekubali agano. Nikalisukuma chini ya kitanda. Ijumaa iliyofuata likaja jingine, nalo chini ya kitanda. Likaja la maua mekundu, lile analotoa kwa wageni tu, nalo chini ya kitanda. Siku moja Baba Neema aliinama kutafuta kiatu chake, akatoka na utando kichwani, akaniuliza, "Mama Neema, umefungua duka la vyombo au?" Sikucheka.

Hapo ndipo Mungu aliponishika sikio, na sisemi kwa mafumbo. Nilikuwa Mwananyamala kumtembelea dada yangu, aliyetufuata mjini baadaye, sikio la kulia likaanza kuuma mpaka jino likajibu. Dada akanikokota hospitali. Daktari akachungulia, akauliza, "Mama, unavaa hedifoni saa ngapi kwa siku?" Nikaona aibu kumtajia. Akanipa dawa ya matone na akasema mwezi mzima nisiingize kitu chochote masikioni. Na spika ya simu yangu ilikufa tangu simu idumbukie kwenye beseni la kufulia! Nikarudi nyumbani kama mtu aliyefiwa.

Nikaenda kumlilia Mama Mchungaji kwamba nitakufa kiroho. Mnamjua mama huyu, hana maneno mengi. Alinipa daftari la kurasa arobaini na kusema kila siku niandike mambo matatu: nimesoma nini, nimetazama nini, nimesikia nini. "Kwa macho yako na masikio yako," akasema, "si ya mtu mwingine." Mie nikaona ni adhabu ya darasa la pili. Daftari ninalo, nitawasomea kidogo.

Siku ya kwanza nimeandika: "Nimesoma ukurasa mmoja wa Neno. Nimetazama kitambaa. Nimesikia cherehani." Siku ya pili: "Kama jana." Siku ya tatu: "Cherehani inahitaji mafuta." Hayo ndiyo mafunuo yangu, ndugu zangu! Miaka miwili nilikuwa nasikia cherehani inalia na sijui.

Lakini nikaendelea kusoma. Na hapa nakiri jambo jingine. Neno la Mungu nililijua kama mtu anavyojua wimbo kwa kibwagizo tu. Mistari ninayo, lakini sikuwahi kukaa nikasoma habari moja mwanzo hadi mwisho bila mtu kunipigia kelele. Nikasoma polepole, ukurasa baada ya ukurasa. Nikamwona Bwana wetu anavyoalikwa! Kila baada ya kurasa chache yuko mezani kwa mtu, anakula. Hakuna mahali nilipoona amemwaga chakula cha watu. Niliandika hilo kwenye daftari, nikalifunga haraka. Lilinikera.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi ule nikamwaga. Ya pili nikamwaga tena, bakuli la kumi na moja, la plastiki, lina ufa ukingoni. Nikashangaa kidogo kuona Bi. Tatu, mwenye kabati la vyombo la kujivunia, analeta bakuli lenye ufa. Lile neno la mtandaoni likaninong'oneza kwamba hiyo ni dalili. Bado lilikuwa kichwani, hata bila waya.

Wiki ya tatu, Jumatano, nimekaa mlangoni na cherehani. Bi. Tatu akatoka na chakula chake cha mchana, akakaa kwenye mkeka wake, akala. Nikamtazama kama nilivyoagizwa na daftari. Alikuwa anakula kwenye mfuniko wa sufuria! Ameugeuza, ameushikilia kwa mkono mmoja usipinduke, mchuzi unakimbilia upande mmoja na yeye anaufuata kwa tonge. Nikajiuliza, mama huyu vyombo vyake vimekwenda wapi? Wapendwa, mguu wangu ukasimama kwenye cherehani. Nilikuwa navilalia.

Hapo hapo ningenyanyuka, lakini kiburi kina magoti magumu. Nikaandika tu kwenye daftari: "Nimemtazama Bi. Tatu akila kwenye mfuniko." Nikaficha daftari chini ya vitambaa.

Kesho yake, Alhamisi alasiri, akaja Shabani, mwanawe, fundi umeme, aliyejenga Madale kule vilimani. Wakakaa chini ya dirisha langu. Sikuwa na kitu masikioni, na dirisha halina kioo. Shabani alikuwa anambembeleza mama yake ahamie kwake, chumba kiko tayari, kuna hewa, kuna wajukuu. Bi. Tatu akasema mwisho wa mwezi atakwenda, kwa kuwa hapa siku hizi hana mtu wa kuongea naye. Nikajikunja nyuma ya cherehani.

Kisha Shabani akasema, "Na huyo jirani yako anamwaga chakula chako, mama. Mzoa taka kaniambia mwenyewe."

Bi. Tatu akamjibu taratibu, "Najua, mwanangu. Kila Ijumaa naisikia ndoo ikifunuliwa."

"Sasa unampikia wa nini?"

"Siku atakayochoka kumwaga," akasema, "akute nimepika."

Ndugu zangu! Nimesikia mahubiri elfu katika masikio haya. Nimesikia watu wakinguruma, wakitoa mapepo ya ukoo na ya baharini. Hakuna hata moja lililonipiga kama lile, kutoka kinywani mwa mama ambaye haingii kanisani kwetu. Nilishika kitambaa cha sare ya mtoto wa watu nikalilia humo. Niliomba pale pale chini ya meza ya cherehani: Bwana, mie nilidhani najilinda na mchawi, kumbe nilikuwa namnyima mama yangu mwana na mjukuu. Nifungue! Na sikuanguka, sikupiga kelele. Hofu ilitoka kimya kimya, kama mgeni aliyegundua kwamba hajakaribishwa.

Ijumaa ikafika. Chakula kikaja kwenye kopo la siagi. Kabati lilikuwa limekwisha, ndugu zangu. Nikalipokea, sikuingia ndani. Nikakaa pale kibarazani, mbele ya kila mtu, nikachovya chapati. Msidhani nilikuwa shujaa! Nilikula nikingoja kitu kitokee. Kilichotokea ni kwamba niligundua mbaazi hazikukolea chumvi. Nikamaliza. Nikamwita Neema, nikamwambia nenda kwa mke mwenzio. Mtoto hakungoja viatu.

Jumamosi nzima nilipika. Bakuli kumi na moja, na haliendi hata moja tupu! Nilitia vitumbua, maandazi, korosho, karanga, viazi vya nazi, ming'oko, ile mizizi ya porini ya kwetu, niliyotumiwa kutoka Masasi. La tisa nikawa nimeishiwa, nikatia sukari. La kumi nikatia chumvi. La mwisho, lile la maua, Neema aliniomba alijaze yeye, akatia pipi zake nne na kifungo chekundu alichokiokota chini ya cherehani. Tukapanga foleni, mie, Neema na Baba Neema, tukapita uwanjani na vyombo kama watu wanaopeleka posa. Wapangaji wote wakatoka milangoni.

Maneno marefu ya kuomba msamaha niliyoyaandaa nikayaacha. Nikapiga magoti tu, nikasema, "Shikamoo mama, nisamehe." Bi. Tatu akaangalia vile vyombo, akanyanyua bakuli la maua, akasema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, "Marahaba. Kumbe hili lipo! Mie nilidhani nimelivunja nikasahau." Aliniokoa mbele ya watu, wapendwa. Alijua liliko siku zote. Kisha akainama, akachungulia bakuli la kumi, akaninong'oneza, "Na hii chumvi? Ndiyo kusema mbaazi zangu za jana hazikukolea?" Nikacheka huku nalia, makamasi yanatiririka, sikujali.

Sikio langu lilipona mwezi ulipokwisha. Hedifoni nilimpa Baba Neema asikilizie mpira. Mahubiri bado nasikiliza, lakini nasikiliza kwanza walio karibu. Bi. Tatu alihama, ndiyo, aliondoka siku ile ile aliyomwahidi mwanawe, na ukuta wetu sasa una ukimya ambao mie ndiye niliyeuharakisha. Hilo nalibeba. Lakini asubuhi ya kuhama, vitu vimeshapakiwa garini, alivuka kizingiti changu mara ya mwisho akaniletea bakuli la mbaazi. Nikamwambia subiri mama, nizimimine nikuoshee chombo chako. Akakataa. Akasema kaa nalo, na wewe unaijua desturi.

Hili hapa, oneni, naondoa kitambaa. La maua mekundu. Limejaa vitumbua vya asubuhi ya leo, na wewe Mzee Kiongozi usivitazame hivyo, vimehesabiwa. Nakushukuru Yesu kwa sikio lililouma! Namshukuru Mama Mchungaji kwa daftari la kurasa arobaini. Na wewe uliyekaa hapo, ambaye chini ya kitanda chako kuna chombo cha mtu, usimwogope uliyemlia chakula. Mtumaini Bwana, kitoe, kipanguse vumbi, tia chochote ulichonacho, hata chumvi. Mie baada ya ibada napanda Madale na Neema. Tumeshatuma salamu tangulizi, na nimeambiwa mbaazi ziko jikoni.